Namba Thelathini na Saba

Miaka ishirini na sita nimepiga magoti
katika duka la Bwana Abílio, hatua chache toka kanisa kuu la Braga,
wala sijaungama dhambi hata moja.
Nawapigia magoti soksi zilizotoboka,
visigino vilivyopasuka,
kucha zenye rangi nyekundu iliyobanduka,
na kutoka huko chini nawajua wenye mji:
hakimu ana sugu, padri anapenda ngozi laini,
mwalimu wa piano mguu wake wa kushoto ni mkubwa kuliko wa kulia
na haya zake ni kubwa kuliko yote miwili.

Wao hawanijui.
Wanaujua utosi wangu,
na mahali mvi zilipoanzia.

"Wee," wananiita. Au wanaalisha vidole.
Au wanaongea na simu, mimi napewa mguu tu,
kama mtu anavyomtupia mbwa mfupa
bila kukatiza hadithi.

Wapo wengine, nisiwasingizie.
Dona Ermelinda huniambia samahani kila nikimfunga kamba,
mpaka naona aibu mimi.
Na yupo mzee anayekuja siku za mvua
(Braga mvua hainyeshi, inahamia),
hanunui kitu, anataka kiti tu
na mtu wa kumuuliza kama kinabana.

Jumatatu alikuja mke wa daktari wa meno
na viatu vya rangi ya maziwa,
risiti mkononi kama hati ya kukamatia watu.
"Sijavivaa. Vinaumiza. Nataka pesa zangu."
Nikavigeuza.
Chini, katika upenyo wa kisigino, palikuwa na punje ya mchele.
Hapa kwetu mchele haumwagwi njiani ovyo.
Tunawarushia maharusi.
Sikusema neno, nilinyoosha kiganja tu.
Akaikazia macho punje, kisha akanikazia mimi,
akasema kwa sauti ya kufika mlangoni:
"Unaniita mwongo? Wewe? Mvalisha watu viatu?"
Wateja wakageukia maboksi.
Hakuna kitu kinachosomwa kwa makini kama boksi
mtu anapotukanwa karibu yako.

Bwana Abílio akatoka nyuma na tabasamu lake la kukodi.
"Mteja ni mfalme," akasema, akahesabu noti.
Mfalme akaondoka, akaacha mlango wazi, baridi ikaingia.
Punje nimeihifadhi katika kopo la kiwi.
Sijui naiwekea kesi gani.

Saa moja jioni, magoti yakinilalamikia,
nikaingia duka la mikate karibu na kituo cha basi.
Msichana mpya, Mbrazili kwa lafudhi,
alikuwa anahangaika na mashine ya kadi.
Basi langu lilikuwa linakata kona.
Nikagonga kioo kwa sarafu. Ko, ko, ko.
"Wee! Leo au kesho?"

Ilikuwa sauti yangu, ila nilikwisha kuisikia dukani.
Ilinitoka bila kukwaruza koo,
kama mguu unavyoingia kiatu ulichokizoea.
Na linalonitesa ni hili:
ilikuwa tamu. Kwa pumzi moja, ilikuwa tamu.

Hakuinua macho. Mikono ikaongeza kasi.
Nikauona utosi wake.

Basi likaja, likaenda.
Nilitaka kusema samahani, lakini samahani kinywani mwangu
ni neno la kazi, limelika soli,
nimewapa wengi mno walionikanyaga.
Nikatazama chini, pale ninapojua kusoma:
viatu vya turubai, na hii Januari,
kisigino cha kushoto kimelazwa bapa,
plasta inachungulia.

"Thelathini na saba," nikasema.
"Nini, bibi?"
"Mguu wako. Umeubana kwenye thelathini na sita."

Akaniangalia, mwishowe,
kwa jicho la mtu anayesubiri tusi la pili.
"Vya dada yangu," akasema.
Kisha akanihesabia chenji, senti kwa senti,
akaiweka juu ya kaunta,
si kiganjani.